Kujua metali si dhamana ya uongozi: kisa cha sonara Martin Bowes

Ndugu Mhariri,

Kwa majuma kadhaa sasa ukurasa wenu wa barua umebeba mjadala juu ya nani anafaa kukaa katika halmashauri za komini zetu, yaani wilaya za jiji, na katika ofisi ya meya wa Lubumbashi. Hoja inayopendwa zaidi ni kwamba watu wamechoshwa na wasemaji, na kwamba jiji sasa likabidhiwe watu wa kazi: wafua shaba, wenye karakana, wenye tanuru, watu waliozoea kupima kitu kabla ya kukitajia bei. Msomaji mmoja alifika mbali zaidi, akaandika kwamba mtu aliyeshika metali kwa mikono yake hawezi kuudanganya umma, kwa sababu metali yenyewe haidanganyi. Mimi nimeishi kwa kazi ya maabara ya madini, na nusu ya pili ya sentensi hiyo naikubali bila shida yoyote. Metali haidanganyi. Lakini mnunuzi hasomi metali, anasoma cheti, na cheti huandikwa na mtu.

Ningependa kuijibu hoja hiyo kwa maisha ya fundi mmoja wa zamani ambaye alijua metali kuliko karibu kila mtu wa nchi yake, akapanda kutoka karakana hadi umeya wa mji mkuu, na ambaye jina lake, Martin Bowes, halisikiki sana katika madarasa yetu. Nimemchagua yeye badala ya mtu wa karibu kwa sababu mbili. Amekufa zaidi ya miaka 450 iliyopita, kwa hiyo hakuna jamaa yake wa Kampemba au wa Katuba atakayedhani kwamba ninamsengenya; na kitu kilichotumika mikononi mwake kuishusha thamani ya pesa za nchi yake ni kile kile kinachotulisha sisi hapa, yaani shaba.

Bowes alizaliwa York, kaskazini mwa Uingereza, katika miaka ya mwisho ya karne ya 15, wakati nchi ikitawaliwa na Henry VII, mfalme wa kwanza wa ukoo wa Tudor. Alipofikia umri wa miaka 14 hivi alipelekwa London, akawekwa kuwa mwanagenzi wa sonara aliyeitwa Robert Amadas. Huyu Amadas hakuwa fundi wa kibandani. Alimtengenezea Kadinali Wolsey vyombo vya fedha, baadaye akawa mtunzaji wa vito na vyombo vya mfalme Henry VIII, na zaidi ya hayo alikuwa na cheo katika kiwanda cha kufulia sarafu, ndani ya ngome ya Tower. Kwa hiyo kijana Bowes alijifunza mambo mawili chini ya paa moja: jinsi fedha inavyofuliwa kuwa kikombe cha tajiri, na jinsi inavyokatwa na kupigwa muhuri ili iwe pesa ya kila mtu.

Wasomaji wanaodhani kwamba fundi kuingia siasa ni jambo jipya watashangaa kujua jinsi London ya wakati huo ilivyopangwa. Mtu hakuweza kufungua duka jijini bila kuwa mwenyeji huru wa jiji, na njia ya kawaida ya kuupata uenyeji huo ilikuwa kutumikia uanagenzi wa miaka isiyopungua saba chini ya mwanachama wa chama cha ufundi. Chama cha masonara kilikuwa na hati ya kifalme tangu 1327, nacho kilishika nafasi ya tano katika vyama 12 vikuu vya jiji. Kutoka katika vyama hivyo walipatikana madiwani, na kutoka kwa madiwani alichaguliwa meya, kila mwaka mmoja. Karakana, basi, ndiyo iliyokuwa shule ya siasa, na wachache tu walipita nje yake. Bowes alipanda ngazi hiyo bila kuruka hata moja. Mwaka 1533, baada ya kifo cha bwana wake, yeye na mwenzake Ralph Rowlett walishika uongozi wa kazi katika kiwanda cha sarafu. Mwaka 1536 akawa diwani. Mwaka 1540 akawa sherifu. Akakiongoza chama cha masonara zaidi ya mara moja. Na mwaka 1545 akachaguliwa kuwa meya wa London. Mwaka mmoja kabla ya umeya alikuwa amepewa cheo cha naibu mweka hazina wa kiwanda cha sarafu cha Tower, na cheo hicho hakukiacha alipovaa mkufu wa meya.

Hapo ndipo shaba inapoingia. Mwaka 1544 Henry VIII alikuwa akipigana vita viwili, kimoja na Scotland na kingine na Ufaransa, ambako aliuteka mji wa Boulogne kwa gharama kubwa mno. Mali ya monasteri alizozifunga ilikuwa ikiyeyuka, kodi hazikutosha, na mikopo ilikuwa na riba. Palibaki mfuko mmoja ambao mfalme angeweza kuuchota bila kumwomba mtu, nao ulikuwa sarafu zilizo mikononi mwa watu. Kwa karne nyingi sarafu ya fedha ya Uingereza ilikuwa na fedha safi sehemu 925 katika kila 1000, yaani wakia 11 na kidogo katika ratili ya wakia 12. Baada ya majaribio ya siri yaliyoanza mwaka 1542, kipimo kilishushwa hadi wakia 9 mwaka 1544, wakia 6 mwaka 1545, na wakia 4 mwaka 1546. Chini ya mwanawe, Edward VI, kilifika wakia 3 mwaka 1551. Nafasi iliyoachwa na fedha ilijazwa shaba. Ratili ya fedha safi, ambayo hapo kwanza ilitoa chini ya shilingi 50, mwaka 1546 iliweza kutoa shilingi 144, na tofauti hiyo yote, ukiondoa gharama za kazi, ilikwenda kwa mfalme. Wanahistoria wanakadiria kwamba kati ya 1544 na 1551 Taji, yaani hazina ya mfalme, lilivuna kwa njia hiyo zaidi ya pauni milioni 1. Kazi ilikuwa nyingi kiasi kwamba Tower peke yake haikutosha, vikafunguliwa viwanda vingine Southwark, Canterbury, York na Bristol.

Naomba nikae kidogo hapa, kwa kuwa hapa ndipo ufundi wenyewe ulipotumika. Mchanganyiko wenye theluthi moja tu ya fedha hauna weupe wa fedha. Ni mwekundu, na mtoto wa Likasi angeutambua akiwa mbali. Ili upokelewe sokoni, vipande vilivyokwisha kukatwa hupashwa moto, kisha huchovywa katika dawa kali inayokula shaba ya juu na kuiacha fedha, hata uso wote unabaki mweupe na kung'aa kabla ya kupigwa muhuri. Ngozi hiyo ya fedha ni nyembamba sana. Shilingi mpya za Henry zilimwonyesha mfalme akimtazama mtu uso kwa uso, si kwa upande kama sarafu nyingi, na sehemu ya uso iliyochomoza kuliko nyingine ilikuwa pua. Baada ya miezi michache ya kupita kutoka mfuko hadi mfuko, pua ilichubuka na shaba ikaonekana. Waingereza wakambandika mfalme wao jina la Mzee Pua ya Shaba, na wakati huo kulitamka jina hilo karibu na masikio yasiyofaa lilikuwa jambo la hatari. Mfalme aliyejenga majumba na kuivunja mamlaka ya Papa katika nchi yake alifichuliwa na pua yake mwenyewe kwenye sarafu ya peni 12.

Je, hapakuwa na wakaguzi? Walikuwapo, na walikuwa bora kuliko wengi tulio nao leo. Tangu karne ya 13 sehemu ndogo ya kila fungu la sarafu ilitengwa ndani ya sanduku lenye kufuli zaidi ya moja, na funguo zake zilishikwa na watu tofauti. Baada ya muda sanduku lilifunguliwa mbele ya baraza la masonara, nao wakazipima sarafu kwa njia ambayo sisi wa maabara bado tunaiheshimu: kipande kinafungwa katika karatasi ya risasi, kinawekwa katika kikombe kidogo cha majivu ya mifupa, kinaingizwa tanuruni, na kikombe kinanyonya risasi pamoja na shaba yote, hadi inabaki tone moja la fedha safi linalopelekwa kwenye mizani. Hakuna ujanja wa rangi unaovuka moto huo. Lakini baraza liliulizwa swali moja tu, kama sarafu zinalingana na mkataba uliotiwa saini kati ya mfalme na kiwanda. Mkataba uliposema wakia 4, sarafu yenye wakia 4 ilikuwa halali, na mafundi waliopima hawakuwa na la kusema. Hapo ndipo ninapotofautiana na msomaji mwenzangu. Bowes hakuipotosha mizani. Kipimo kilishushwa na waliokuwa juu yake, kwa karatasi yenye muhuri, naye akakitekeleza kwa umahiri wote aliofundishwa na Amadas.

Kuna jambo jingine la mwaka huo huo wa 1544 ambalo sijaona likitajwa vya kutosha. Masonara wa London walikuwa na desturi ya zamani ya kupeleka vyombo vyao kwenye ukumbi wa chama ili vipimwe na kupigwa chapa ya kichwa cha chui, na tangu 1478 iliongezwa herufi ya mwaka ili ijulikane nani alikuwa zamu ya upimaji. Mwaka 1544 ikaonekana chapa mpya, simba anayetembea, na maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba simba huyo aliwekwa ili kumhakikishia mnunuzi kwamba chombo hiki, tofauti na pesa anayolipia, bado kina fedha ya kipimo cha kale. Msomaji na alitafakari jambo hilo. Mafundi wale wale, katika jiji lile lile, waliwalinda wateja wao wa vikombe na sinia kwa chapa ya simba, huku mmoja wao aliye mkubwa akifua kwa ajili ya watu wa kawaida, wasio na sinia yoyote, sarafu ambayo simba huyo asingekubali kuikanyaga. Mwenye chombo alipata dhamana. Mwenye mshahara wa siku alipata pua ya shaba.

Kwa upande wa haki, lazima niulize kama Bowes angeweza kukataa. Henry hakuwa mtu wa kukataliwa. Mwanzoni mwa 1545, diwani mmoja wa London, Richard Reed, alikataa kutoa mchango ambao mfalme aliuita wa hiari, naye akapelekwa kuwa askari wa kawaida kwenye mpaka wa Scotland, akatekwa katika mapigano ya Ancrum Moor, na ilibidi ajikomboe kwa fedha zake. Madiwani wenzake, Bowes akiwa mmoja wao, waliona funzo hilo kwa macho yao. Simlaumu mtu kwa kutotaka kufa. Ninachokiona ni kwamba kati ya kufa na kutajirika pana nafasi pana, na Bowes hakusimama katika nafasi hiyo; alitajirika, akapata ardhi Kent, akaendelea kushika vyeo.

Hata katika mambo ya dini alikuwa mtekelezaji. Ni yeye aliyekuwa meya tarehe 16 Julai 1546, Anne Askew alipochomwa moto Smithfield pamoja na wanaume watatu, kwa kukataa fundisho la kanisa juu ya mkate wa misa. Mwanamke huyo alikuwa ameteswa ndani ya Tower hata hakuweza kutembea, akaletwa kwenye mti akiwa amebebwa kitini. Masimulizi ya Waprotestanti yanasema kwamba alipoikataa barua ya msamaha, meya alitoa amri kwa maneno mawili ya Kilatini, kwamba haki na itendeke. Miezi sita baadaye Henry alifariki, Uprotestanti ukawa dini ya serikali, na Bowes akaenda bungeni kuiwakilisha London. Malkia Mary alipourudisha Ukatoliki, Bowes alikuwa bado bungeni. Malkia Elizabeth alipoibadilisha tena dini, alikuwamo katika bunge la 1559. Wapo watakaouita huo uvumilivu wa mwanasiasa aliyekomaa. Mimi nauona kuwa ni ule ule utiifu kwa mkataba uliopo mezani, hata kama mkataba wa jana ulisema kinyume.

Sina budi kumtaja pia William Sharington, aliyesimamia kiwanda cha Bristol, kwa sababu watu huwachanganya. Sharington alikuwa mwizi wa kawaida. Alifua sarafu nyingi kuliko alizoandika, akapunguza uzito wa nyingine, akaharibu vitabu vya hesabu, akakamatwa mwaka 1549, akakiri, kisha akasamehewa na kurudishiwa mali yake. Mtu wa namna hiyo tunamjua, na magazeti humwandika. Bowes ni wa namna nyingine, na ndiyo maana ni wa kuogopwa zaidi: aliondoka katika kiwanda mwanzoni mwa miaka ya 1550 akiwa na deni kubwa kwa mfalme, akakubali kulilipa, na heshima yake ikabaki nzima.

Na hasara ilimwangukia nani? Bei zilipanda, watu wakazificha sarafu za zamani na kuzitoa mpya, na mwaka 1549 mhubiri Hugh Latimer alithubutu kusimama mbele ya mfalme kijana Edward VI na kumkumbusha maneno ya nabii Isaya juu ya fedha iliyogeuka kuwa takataka. Mwaka 1551 serikali yenyewe ilitangaza kwamba shilingi ya peni 12 sasa ni ya peni 9, na majuma machache baadaye, kwamba ni ya peni 6. Aliyelala na shilingi kumi chini ya godoro aliamka na tano. Usafishaji kamili ulikuja mwaka 1560 na 1561, chini ya Elizabeth, sarafu mbovu zilipokusanywa na kuyeyushwa.

Wasomaji wa Lubumbashi wa umri wangu hawahitaji kuelezwa hisia ya asubuhi hiyo. Pesa yetu ya zaire ilipoanzishwa mwaka 1967, zaire moja ilikuwa na thamani ya dola 2 za Marekani. Mwezi Januari 1993 askari wa Kinshasa walilipwa noti za zaire milioni 5 ambazo wafanyabiashara walizikataa, na mji ukaporwa. Mwezi Oktoba mwaka huo huo zaire mpya moja ilibadilishwa kwa milioni 3 za zamani, na mwaka 1998 franka moja ikachukua nafasi ya zaire mpya 100,000. Ukizidisha, franka moja ilimeza zaire za kwanza bilioni 300. Ndiyo maana hadi leo kambisti, yaani mbadilisha pesa, wa Lubumbashi huikunjua noti ya dola dhidi ya jua na kuirudisha akiona mchaniko wa ukubwa wa ukucha. Soko lililoumwa hujiwekea wakaguzi wake.

Nisieleweke kana kwamba ninailaumu shaba. Katika ardhi hii shaba yenyewe ilikuwa pesa. Katika makaburi ya Sanga, kwenye bonde la Upemba, wachimbuaji wa mambo ya kale waliikuta misalaba ya shaba ikiwa imewekwa pamoja na wafu, na kadiri karne zilivyosogea misalaba hiyo ilipungua ukubwa na kulingana zaidi, kama inavyotakiwa kwa kitu cha kuhesabia. Serikali ya Katanga iliyojitenga ilipofua sarafu zake mwaka 1961 iliuweka msalaba huo juu yake. Mtu aliyepokea msalaba wa shaba alijua amepokea shaba, na aliweza kuupima kwa mkono wake. Udanganyifu wa London haukuwa katika shaba bali katika ile ngozi nyeupe.

Sitaki pia kumfanya Bowes kuwa shetani, maana maisha yake yana pande ambazo zingemvutia mpiga kura yeyote. Wakuu wa York walipoamua kupunguza idadi ya parokia, Bowes aliwaandikia akiomba kanisa la St Cuthbert, walikolala wazee wake, lisifungwe. Walimsikiliza, naye mwaka 1549 akawapelekea shukrani ya upanga wa fahari, ambao mji wa York unao hadi leo na umekuwa ukibebwa mbele ya meya wake. Alijenga nyumba za kuwahifadhi maskini huko Woolwich na kuziweka chini ya uangalizi wa chama cha masonara. Mwaka 1561 alikipa chama hicho kikombe cha fedha iliyopakwa dhahabu na kioo cha mwamba, kilichotengenezwa mwaka 1554, ambacho kwa mapokeo inasemekana Elizabeth alikinywea siku ya kutawazwa. Na kikombe hicho, bila shaka, kilipigwa chapa zote zinazotakiwa.

Lakini mwandishi John Stow, aliyeieleza London mtaa kwa mtaa mwaka 1598, ametuachia upande wa pili wa mizani. Katika kanisa la watawa wa Greyfriars, lililofungwa na Henry, walikuwa wamezikwa malkia na watu wakubwa wengi. Stow anaandika kwamba makaburi ya alabasta na marumaru yaliyozungushiwa vyuma, pamoja na mawe mengine ya makaburi 140, yaling'olewa na kuuzwa yote kwa pauni 50 hivi, na aliyeyauza alikuwa Sir Martin Bowes, sonara na diwani wa London. Yaani katika miaka ile ile mtu mmoja aliyanusuru makaburi ya wazee wake York na kuyauza ya wazee wa wengine London. Sidhani kwamba kuna Mluba, Msanga au Myeke atakayeisoma habari hiyo bila kutikisa kichwa. Yeye mwenyewe alifariki mwezi Agosti 1566 na akazikwa kwa heshima katika kanisa la St Mary Woolnoth, mtaa wa Lombard.

Sasa nirudi kwa wagombea wetu. Kati ya mafundi na wafanyabiashara wanaotajwa katika barua za wasomaji wenu, wapo wenye depo za kununulia madini, na kila mchimbaji wa mikono kuanzia Kolwezi hadi hapa analijua lalamiko la depo: mawe yanaletwa, mnunuzi anaelekeza juu yake kile chombo cha kupimia kiwango cha madini ambacho watu hukiita metorex, namba inasomwa, na mwenye mawe hana namna ya kujua kama namba hiyo ni ya mawe yake au ya mfuko wa mnunuzi. Siwatuhumu wote, wapo waaminifu, na chombo chenyewe kikitumiwa vizuri ni kizuri, ingawa jiwe lenye maji au lisilosagwa hukipotosha hata bila hila ya mtu. Ninachosema ni kwamba umahiri wa mtu wa namna hiyo katika kupima hautuambii chochote juu ya atakavyopima akiwa na kiti cha umma, kama vile umahiri wa Bowes haukumwambia mwokaji mikate wa London chochote juu ya shilingi atakayopokea.

Katika maabara zinazojiheshimu, sampuli ya mzigo wenye ubishi haibaki na upande mmoja. Inasagwa, inachanganywa, inagawanywa mafungu matatu mbele ya wote. Fungu moja linakwenda kwa muuzaji, moja kwa mnunuzi, na la tatu linatiwa lakiri na kuwekwa kando kwa ajili ya maabara ya tatu, itakayoitwa vipimo viwili vya kwanza vikipishana kupita kiasi kilichokubaliwa. Utaratibu huo ni wa kuchosha, una gharama, na hakuna anayeupenda siku anayokuwa na haraka. Naliomba gazeti lenu liwaulize wagombea wote wenye karakana, depo au tanuru kama wako tayari hesabu za kodi za soko na za maegesho ya magari katika komini watakazoziongoza zigawanywe kwa namna hiyo, fungu moja kwao, moja kwa chama cha wachuuzi wanaolipa kodi hizo, na la tatu kwa mkaguzi ambaye hawakumteua wao na hawawezi kumwondoa, na kiwango chenyewe cha kodi kisibadilishwe kwa karatasi ambayo wachuuzi hawakuiona kabla. Majibu yao yachapishwe kwa majina na kwa maneno yao wenyewe, kabla ya siku ya kupiga kura.

Wenu,
Mpimaji wa madini mstaafu, komini ya Kamalondo, Lubumbashi